Chembe Zilizotangulia Kisu

9 Februari

Miwani,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi nipo. Baba yako naye yupo, magoti yanamsumbua na redio yake imeharibika, kwa hiyo anatusimulia habari za mwezi uliopita kana kwamba kazisikia leo. Amehamia chumba cha mbele ili aniangalie. Kuniangalia kwenyewe ni kulala kwenye kiti mdomo wazi. Gari la shule yangu ya udereva limebadilishwa klachi na wanafunzi wangu wananisubiri niamke kitandani wakafanye mtihani. Mmoja bado anafunga macho akipishana na lori.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu nimekuchoka. Kila nikikuuliza swali la maana, mtandao unakata. Karatasi haikatiki.

Upasuaji umepita. Nina mshono kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, nikicheka unauma, kwa hiyo baba yako kaambiwa asiongee sana. Yale macho ya manjano yameisha, mwili hauwashi tena, na mkojo umerudi rangi yake. Daktari mpasuaji alikuja kitandani na kundi la wanafunzi wake, akanishika mguu juu ya shuka kama mtu anayepima godoro dukani, akasema, "Mama, uvimbe wa kongosho tumeutoa wote. Wote kabisa." Nikamshukuru mpaka machozi yakanitoka. Wiki iliyofuata, daktari yuleyule ananiambia nirudi nianze dawa za kansa, za kutundikiwa dripu, miezi sita. Dawa ya nini kama umetoka wote? Nikishaosha sufuria ikatakata, nairudisha kwenye maji machafu? Nimemwambia siendi. Nguo zangu zote zimenipwaya, sina nyama nyingine ya kuwapa.

Jambo la pili. Kabla sijapasuliwa alinijia muuguzi wa utafiti, binti mpole, akaniomba damu. Nikatoa. Nikatia saini makaratasi ambayo sikuyasoma, maana nilikuwa najikuna mwili mzima. Juzi kanitoa nyingine. Namuuliza inakwenda wapi, ananitajia mji wenu na maabara yenu.

Je, ni wewe? Ni wewe unayekaa na damu yangu huko?

Jibu, na usiniandikie kwa lugha ya vitabu.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nikiweka ndoo sakafuni, dari ya chumba changu inavuja tena na mpangaji wa juu anasema bafu lake halihusiki. Kazini ni kulekule, chumba cha giza kisicho na dirisha. Nikitoka nje jioni napepesa macho kama mtoto aliyeamshwa. Mwambie baba redio asiitupe, nitamtafutia kifaa.

Ndiyo, ni sisi. Damu inafika hapa ikiwa na namba tu. Sijui ipi ni yako na sipaswi kujua. Lakini hilo la dawa, Shangazi, hapana. Tafadhali nisikilize mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Uvimbe wa kongosho hausubiri uwe mkubwa ndipo utembee. Ungali mdogo, seli zake nyingine, yaani chembe ndogo kabisa zisizoonekana kwa macho, zinabanduka na kuingia kwenye damu. Nyingi zinafia njiani. Damu inazisukasuka, kinga ya mwili inaziwinda. Chache zinafika mahali, mara nyingi kwenye ini, zinatulia hapo. Mpasuaji hawezi kuziona. Picha haziwezi kuzionyesha. Ndizo tunazozitafuta sisi. Tunapitisha damu kwenye kichujio chenye matundu madogo, tunazitia rangi inayowaka, kisha nakaa kwenye darubini kuzitafuta katikati ya mabilioni ya seli za kawaida. Siku nyingine napata tatu. Siku nyingine sipati kitu.

Ndiyo maana ya dawa. Inakwenda mahali ambapo kisu hakifiki. Usimlaumu daktari. Aliposema wote, alimaanisha wote anaouona.

Nenda ukaanze. Usipokwenda nitampigia baba simu kila asubuhi mpaka akubebe mgongoni na magoti yake hayo.

Nimeomba likizo ya Desemba. Nitakuja.

Mwanao


15 Machi

Miwani,

Baba yako mzima, mimi nimesimama, ndizo salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitaka kuichana.

Kwa hiyo mlikuwa mnajua. Nyote. Daktari anajua, muuguzi anajua, na wewe niliyekuogesha kwenye beseni unajua, kwamba uvimbe unaweza kung'olewa na wenzake wakawa wameshaondoka zamani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nalala usingizi mzuri kwa ajili ya "wote kabisa".

Nilikwenda hospitali kesho yake. Nilimkuta kwenye korido na wanafunzi wake.

"Daktari, uliniambia wote."

"Ndiyo, mama. Wote tuliouona."

"Hilo 'tuliouona' ulilimeza wapi siku ile?"

Wanafunzi wakaanza kuangalia viatu vyao. Akanishika bega, akashusha sauti. "Mama, mtu akitoka kwenye upasuaji mkubwa namna ile, tunampa matumaini."

"Matumaini sikukuomba. Nilikuomba habari za tumbo langu."

Nikamfuata yule binti wa utafiti kwenye kijichumba chake. Nikamwambia anieleze, mstari kwa mstari, nilitia saini nini. Akanieleza kwamba damu ilitoka mkononi kabla ya kisu na mkononi tena baadaye. Na nyingine waliichota nikiwa nimelala, tumbo liko wazi, kwenye mshipa mkubwa unaotoka matumboni kwenda kwenye ini. Nikamuuliza kwa nini huko. Akasema, "Kwa sababu zinapita pale kwanza, mama, kabla ini halijazichuja."

Hebu fikiria. Mnajua mpaka mshipa zinaopita! Mmekwenda mkazivizia hapohapo, nimelala kama gunia, na mtu mwenye tumbo lake akiamka anashikwa mguu na kuambiwa wote kabisa.

Dawa nimeanza. Usijisifu, hukunishawishi, nimeanza kwa hasira. Wanatukalisha kwenye viti vya kuegemea, safu mbili tunatazamana, kila mtu na chupa yake juu, na televisheni isiyo na sauti. Mate yananionjesha chuma. Nikigusa bomba la maji asubuhi, vidole vinachomwa kama nimeshika sindano. Usukani naushika na glovu.

Sasa nakuuliza, na nataka jibu, sitaki darasa. Damu yangu mmeitazama. Ilikuwa na chembe ngapi? Kabla, wakati wa kisu, na baada. Namba tatu. Huwezi kuniambia umezipoteza, wewe tangu shule ya msingi hupotezi hata kifuniko cha kalamu.

Shangazi


4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai vidole vimepata nafuu. Dari imezibwa, sasa inavuja upande wa kitanda.

Sipendi kugombana na wewe kwa barua. Lakini umenisukuma, basi nami nitasema.

Siwezi kukupa namba. Kwanza, sijui ipi ni damu yako, na nikianza kuchungulia, kazi yote ya utafiti inaharibika. Pili, hata ningejua, kipimo hiki bado hakijathibitishwa kwa mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana kinaitwa utafiti. Tunaona kwamba wenye seli nyingi kwenye damu, kwa jumla, ugonjwa unawarudia mapema. Kwa jumla, Shangazi. Wapo waliokuwa nazo nyingi na mpaka leo wanakwenda sokoni. Wapo ambao hatukuona hata moja, na walizikwa mwaka huohuo. Nikikupa namba, utaamka nayo na kulala nayo, na huenda ni namba ya uongo. Unataka nikusomee ramli? Wapiga ramli wamejaa huko, waendee.

Unadhani mimi nafurahia? Nimeisomea kazi hii miaka yote, nimepoteza macho, nakaa gizani siku nzima ili mtu kama wewe siku moja aje apewe jibu la kuaminika. Halafu unaniandikia kana kwamba mimi ni mwizi wa damu.

Na lingine. Baba amenipigia. Anasema umeruka awamu ya dawa, ulimwambia unakwenda hospitali ukaenda kufundisha. Kweli? Unanidai mimi ukweli, wewe unamdanganya mzee wa watu?

Mwanao


2 Mei

Miwani,

Marahaba. Baba yako mzima. Redio imepona.

Mpiga ramli angalau anamwambia mteja wake anachokiona.

Ndiyo, nimeruka. Nilitapika siku nne mpaka nikahisi mshono unafunguka, nikasema wiki hii nitakuwa mwalimu wa udereva, sitakuwa mgonjwa. Mwanafunzi wangu aligonga pipa la taka nikafurahi kuliko siku zote.

Yule binti wa utafiti aliniambia damu inabaki kwenu kwa ridhaa yangu. Basi ridhaa nimeiondoa. Leo asubuhi nilikwenda kwa yule binti nikamwambia najitoa. Akaniuliza, "Mama, tumekukosea nini?" Nikamwambia, "Wewe hapana, lakini wewe ndiye mwenye karatasi." Akasema naweza kujitoa na damu ikabaki. Nikasema hapana. Imwagwe, na kila mlichokipaka na kukitia rangi kiharibiwe. Akafuta macho, nikampa leso yangu, kisha nikatia saini. Safari hii nilisoma kila neno.

Kama mimi siwezi kuyajua ya damu yangu, basi nanyi msiyajue.

Shangazi


20 Mei

Shangazi yangu mpendwa sana,

Shikamoo nyingi. Nimeipata barua yako na nakushukuru kwa kuniandikia. Pole kwa yote, hasa kwa lile neno la ramli, sikupaswa kukuandikia vile. Nimefikiri sana na naona ulikuwa sahihi.

Hapa ni wazima. Mvua zimepungua.

Nina habari njema. Likizo yangu ya Desemba imebadilishwa, ni mambo ya ratiba za ofisini tu, kwa hiyo nitakuja mwishoni mwa Juni. Nitakaa mwezi mzima. Je, kuna kitu chochote unachotamani nikuletee? Chochote kile. Usijichoshe na gari, pumzika, wanafunzi watasubiri. Na kama dawa inakutesa sana, usijilazimishe, zungumza na daktari.

Nakukumbuka kila siku.

Mwanao akupendaye


5 Juni

Wewe,

Tangu lini mimi ni mpendwa sana?

Mimi ndiye niliyekulea tangu mama yako alipofariki. Ulipovunja kioo cha dirisha la jirani, sikuambiwa na jirani. Nilijua kwa sababu uliosha vyombo bila kutumwa. Ulipofeli ule mtihani wa kwanza wa chuo, ulinipigia kuniuliza kama nimekula. Ukiwa na jambo unakuwa mpole. Nakujua kama ninavyoujua mlio wa injini yangu.

Nikukumbushe barua zako. Ya Aprili ulikuwa unanigombeza, dawa, dawa, dawa. Ya Mei unasema kama inanitesa nisijilazimishe. Nini kimetokea katikati? Ya Februari ulisema Desemba. Sasa ni Juni. Ratiba za ofisini! Nani amekuambia kwamba Desemba mimi sipo?

Na tangu lini ninakuwa sahihi?

Kisha kuna kaka yangu. Wiki mbili zilizopita ameanza kunitengenezea chai. Mtu ambaye maisha yake yote hajui sukari inakaa wapi. Ananiletea kitandani, anasimama mlangoni na kijiko, nikimtazama anakimbilia redio. Nilimuuliza, "Kaka, mwanao kakuambia nini?" Akasema, "Nani, mimi?" Mzee mzima, "Nani, mimi?"

Unajua. Sijui umejuaje na viapo vyako vyote vya namba, lakini unajua, na umemwambia yeye, na mmeniacha mimi katikati ya nyumba yangu nikinyweshwa chai kama mwali. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ile dereva wa lori aliponigonga akasema wanawake wasifundishe udereva.

Haya, nami nikuambie nililokuficha. Kuanzia mwezi wa nne nina maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia. Yanapenda kuja nikikaa. Mkanda wa gari sikazi, nimeubana kwa kibanio cha nguo usinigandamize. Sijamwambia mtu. Kwa hiyo usidhani utanishtua. Unachokijua wewe kwa darubini, mimi nakijua kwa mbavu. Nataka tu nisikie mtu mmoja akilisema.

Andika. Usiponiandikia, usije Juni wala Desemba.


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za dari.

Lilikuja agizo kutoka hospitali yenu kwamba mshiriki mmoja amejitoa, sampuli zake ziharibiwe, na matokeo yake yafutwe. Tarehe ya saini ilikuwa ileile ya barua yako. Zamu ilikuwa yangu. Ningeweza kumwachia mwenzangu, alikuwa kiti cha pili tu. Sikumwachia. Nilivitoa vile vioo vya darubini, vyenye damu iliyotiwa rangi, kwenye jokofu nikasema nitaviangalia kidogo kabla ya kuviharibu.

Nikavitambua. Nilikuwa nimevitazama mwenyewe mwezi wa pili, bila kujua ni vya nani. Nilikumbuka kwa sababu siku ile nilimwita mwenzangu nikamwambia, "Njoo uone huyu." Nilifurahi, Shangazi. Hatuzipati mara nyingi zikiwa wazi namna ile. Nilipiga picha. Nilikwenda kula chakula cha mchana nikiwa na furaha.

Umeniomba namba tatu. Mkononi kabla ya kisu zilikuwa saba. Kwenye mshipa wa kuelekea ini zilikuwa nyingi, zimeshikamana makundi makundi, mpaka tuliandika tu kwamba ni zaidi ya mia. Zikiwa makundi zinakuwa ngumu zaidi kufa. Mkononi baada ya kisu, wakati daktari amekuambia wote kabisa, zilikuwa tisa.

Watu watakuambia kisu ndicho kilichozitawanya. Usikubali. Zile saba zilikuwepo kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Mpasuaji alifanya kazi yake vizuri. Alichelewa, na mtu yeyote angechelewa.

Maana yake, kwa wengi wenye damu kama hiyo, ugonjwa unarudi kabla ya mwaka, na mara nyingi unarudi kwenye ini. Nasema wengi, sisemi wote. Lakini kwa hayo maumivu uliyoyaandika, siwezi kujificha nyuma ya neno hilo. Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Nenda ukapigwe picha. Usisubiri barua nyingine.

Nilimpigia baba usiku uleule kwa sababu sikuweza kukaa nalo peke yangu. Aliniambia, "Mwache amalize mwaka kwa amani, mwanangu, nakuomba." Nikakubali. Ndiyo barua ya Mei.

Nimemweleza mkuu wa maabara yote. Kwamba nilitazama, kwamba nilimwambia baba, na kwamba ninakuandikia wewe. Alifunga mlango akaniuliza kama ninaelewa nimefanya nini. Nimeondolewa kwenye sampuli za wagonjwa, na kuna kikao cha kamati mwezi wa saba, siruhusiwi kusafiri kabla yake. Kwa hiyo Juni imekufa.

Nami nina hasira, nikuambie. Ulidai kitu ambacho nisingeweza kukupa bila kuvunja kiapo, na kisha ukakisukuma kwa mkono wako mwenyewe mpaka mezani kwangu. Nina hasira na chumba kile, na rangi zile zinavyopendeza. Nina hasira kwamba najua kuziona na sijui kuzizuia.

Mwanao


4 Julai

Miwani,

Marahaba. Barua yako nilikabidhiwa posta, nikaisomea ndani ya gari, mwanafunzi yupo kwenye usukani. Nilimwambia azime injini. Nilipofika kwenye "njoo uone huyu" nilikutukana kwa sauti, maneno ambayo hukuwahi kuyasikia kwangu. Yule kijana akadhani namtukana yeye, akaniomba msamaha, akasema kesho atajitahidi zaidi kwenye kona.

Hilo sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Nimejaribu kukuona pale, umeinamia darubini na hayo mamiwani yako, unafurahi. Nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Yaache hapo, tusiyafunike.

Picha nimepiga. Yapo madoa kwenye ini, makubwa mawili na madogo madogo. Daktari safari hii alikuja bila wanafunzi wake, akavuta kiti akakaa. Hakunigusa mguu. Akasema, "Mama, uvimbe umerudi." Nikamwambia, "Endelea." Akasema haupasuliki tena. Akasema kuna dawa nyingine, nyepesi kidogo, haiponyi ila inaweza kuuchelewesha. Nikamuuliza itanichoma vidole kama ile ya kwanza, akasema huenda isinichome. Nimekubali kuijaribu. Nikisema basi, iwe basi, na asije mtu kunibembeleza, nimemwandikisha hivyo mbele yangu.

Mwishoni akaniuliza kama nina swali.

"Ninalo," nikasema. "Kwenye benchi pale nje kuna watu sita. Wangapi umewaambia wote kabisa?"

Akavua miwani akaifuta kwa koti. Akasema, "Wawili."

"Basi wataje nikawaitie, uwaambie vizuri."

Hakuwataja, anasema si utaratibu. Nikatoka nikakaa kwenye benchi lile. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja, fundi seremala, macho ya manjano kama yangu ya Januari, anajikuna mikono. Anapasuliwa wiki ijayo. Nikamwambia, wakikuambia wametoa wote, waulize na kwenye damu je. Akanitazama. Akaniuliza, "Wewe mama uliuliza?" Nikasema niliuliza mpaka nikaambiwa. Akasema, "Na ni afadhali?"

Miwani, tangu nijue silali vizuri. Siku mbili sikushika gari. Nina hasira kwamba hukuniambia na nina hasira kwamba umeniambia, zote mbili kwa pamoja, na usije ukanichagulia moja. Nikamwambia yule seremala, "Sijui kama ni afadhali. Lakini tumbo ni langu." Akatikisa kichwa. Sijui alikubali au alinihurumia. Wakamwita akaenda.

Yule binti wa utafiti alinisubiri kwenye ngazi, ameshika mikono nyuma. Hakuniomba kitu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba siku watakapoweka kwenye ile karatasi yao mahali pa mtu kusema anataka kuambiwa, aje na sindano, mkono huu hapa. Kasema atapeleka ujumbe. Wapelekaji wa ujumbe nawajua, lakini nimemwambia.

Na kaka yangu nimemmaliza. Nilimwambia amwage chai akae chini. Nikamwambia, "Ulitaka nimalize mwaka kwa amani ya nani?" Akalia, mzee wa watu, redio inaimba. Nilimwacha alie. Baadaye nikamwambia asiache kuniletea chai, ila azidishe majani. Sasa anakaa kitandani kwangu tunagombana kuhusu nani atalala kwenye chumba hiki nikiondoka. Anasema hataki. Nasema kina jua, magoti yake yatapenda.

Gari nimemuuzia fundi, kwa sharti kwamba wanafunzi wote niliowaanza wafike kwenye mtihani. Huyo wa kufunga macho nitammaliza mwenyewe.

Kuhusu hiyo kamati yenu. Nimewaandikia, bahasha nyingine, imetangulia hii. Nimewaambia damu ilikuwa yangu, aliyeambiwa ni mimi, na kama kuna aliyekosewa ni mimi, na mimi sijashtaki. Wasome wasisome. Wakikufukuza, njoo. Wakikubakiza, njoo vilevile. Usiniletee zawadi, na ukifika mlangoni usilie, nina mengi ya kukuambia na nataka unijibu, unibishie kama mtu mzima, nikiwa bado nina sauti.

Andika siku unayofika. Andika siku yenyewe, usiniandikie "hivi karibuni".

Shangazi yako